Nilimsema mwalimu wa binti yangu kwenye grupu la wazazi, sasa hamuulizi tena swali darasani

Shangazi shikamoo.

Naomba usitaje jina langu wala la shule, mana najua wazazi wenzangu wanakusoma, na hata hivi wakisoma watanijua tu, ila basi nimechoka kukaa na hili jambo kifuani.

Nina binti wa miaka 10, yuko darasa la tano. Mwalimu wake wa darasa ndo anawafundisha lugha, ni mama wa makamo, mkali kidogo lakini watoto walikua wanampenda, hata wangu mwanzoni mwa mwaka kila siku nyumbani ilikua mwalimu kasema hivi, mwalimu kasema vile. Mimi nafanya kazi ya zamu, wiki nyingine naingia usiku narudi alfajiri, baba yake anasafiri sana, kwahiyo kusema kweli madaftari nilikua nayaangalia nikipata nafasi. Muhula uliopita mwalimu akaandika kwenye daftari "Mzazi fuatilia kazi za mtoto." Hayo tu. Maneno matano. Shangazi yaliniuma sana, nilikua nimetoka kazini miguu imevimba nikayasoma nikajiona mama wa ovyo kabisa.

Nikasema sawa, ntafuatilia. Wakapewa insha, waandike kuhusu siku ya mvua kubwa. Bahati nzuri nilikua nyumbani jioni ile, nikakaa nae mezani. Alianza mwenyewe, akaandika mistari mitatu, mvua ilinyesha, tuliingia ndani, mama alianua nguo. Mi nikaona hapana hii haitoshi, yule mwalimu atasema tena mzazi hafuatilii. Nikaanza kumtajia. Sentensi moja moja, yeye anaandika mimi natembea jikoni natunga. Mawingu yalikunja uso, upepo ukavua mapaa kofia, mambo kama hayo. Tulicheka sana jioni ile, mpaka leo naikumbuka. Na nikamwambia akiulizwa aseme ameandika mwenyewe.

Daftari likarudi na wino mwekundu. "Insha nzuri sana, ila si ya mtoto." Chini yake kulikua na maandishi mengine madogo madogo, tuonane, au tuonane lini sijui, na sahihi yake, mi sikufika huko, macho yangu yaliishia kwenye hiyo "si ya mtoto". Binti akaniambia mwalimu alimuuliza nani kaandika, akajibu mimi, mwalimu akamuangalia tu akanyamaza.

Shangazi sijui nini kilinipanda kichwani. Nilipiga picha ule mstari nikaitupia kwenye grupu la WhatsApp la wazazi wa darasa, na mwalimu yumo humo humo. Nikaachia na voisi ya dakika mbili na nusu. Nikasema kazi yake ni kuvunja watoto moyo, mzazi asipofuatilia kosa, akifuatilia kosa, na kama amechoka kufundisha akapumzike awaachie wenye moyo. Binti yangu alikua amekaa pembeni anasikia yote. Basi grupu likalipuka. Huyu na wangu alimwambia hivi, yule anapendelea watoto wa fulani, mwingine akaweka vikatuni vya kucheka. Mpaka usiku meseji zimepita mia. Nilipopoa nikafuta ila watu walishaforwadi. Mwalimu alisoma, nikaona tiki za bluu, hakujibu neno, kesho yake asubuhi ikatokea ile "ametoka kwenye grupu". Maandishi yale ni madogo lakini sijawahi kuyaona makubwa vile.

Sasa ni wiki ya tatu. Matangazo ya shule hayaji tena kwenye grupu, yanakuja kwa karatasi na kwa kuchelewa, na wale wale wazazi waliokua wananiunga mkono sasa wananilaumu mimi kwamba nimemfukuza mwalimu. Mtoto anasema "mama mwalimu haniulizi tena swali." Zamani yeye ndo alikua anakusanya madaftari ya wenzake, sasa anakusanya mwingine. Kazi zake zinasahihishwa tiki tu, hakuna hata neno moja. Asubuhi anasema tumbo linauma.

Mume wangu anasema tumhamishe shule yaishe. Dada yangu anasema niende kwa mwalimu mkuu nikamshtaki, mwalimu hana haki ya kumlipizia mtoto. Rafiki yangu anasema niombe msamaha tu. Lakini hakuna kati yao anayejua kwamba ile insha ilikua yangu, hata mume wangu hajui. Nikiomba msamaha nimekiri, na nikikiri binti yangu ataonekana muongo mbele ya mwalimu wake. Kikao cha wazazi na walimu ni wiki mbili zijazo na mimi nafikiria kubadilisha zamu makusudi ili nisiende.

Kitu kingine sijui hata kwanini nakuandikia, nilipokua darasa la sita mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa akasema nimenakili insha kwenye kitabu, darasa zima likacheka. Sikunakili. Niliandika mwenyewe.

Mama mwenye aibu.

*

Marahaba mwanangu, na pole na hizo zamu.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia usiku. Ngoja kwanza nijue kama nimekuelewa. Mwalimu alikwambia ufuatilie, ukafuatilia kwa nguvu zako zote mpaka insha ukaitunga wewe, akasema hii si ya mtoto, ukaumia, ukamuumiza na yeye mbele za watu, sasa nyie wawili mnaogopana na katikati yenu kuna mtoto wa miaka 10 anaenda na daftari asubuhi, anarudi nalo jioni. Na wala hujaniuliza kama ulikosea, hilo naona umeshajihukumu vya kutosha, hata ulivyojiita hapo mwisho kunanisikitisha. Unachoniuliza mimi ni utatokaje hapo bila mtoto kudhalilika. Nimekupata?

Kuna vitu viwili umevipita mbio kwenye barua, na mimi ndo vilinisimamisha.

Cha kwanza, yale maandishi madogo chini ya wino mwekundu. Umesema tuonane, au tuonane lini, na kwamba hukufika huko. Mwanangu, ushawahi kurudi kuyasoma? Mana wiki tatu zote hizi umekua ukibishana na nusu ya alichoandika. Inawezekana kabisa ulikua wito wa kuja kugombezwa, mimi na uzee wangu huu mwalimu akiniandikia tuonane tumbo linanikata. Lakini inawezekana pia ni mtu aliyekuta insha tamu, akajua haijatoka kwa mtoto wa darasa la tano, akataka kuongea na mwenye mkono ule bila kumuaibisha mtoto darasani. Umesema alimuuliza, mtoto akajibu ni mimi, na yeye akanyamaza. Hakumsimamisha mbele ya wenzie. Sikwambii kwamba alikua sahihi, nakwambia tu kilichotokea kwa maneno yako mwenyewe. Na ile picha ya kwenye grupu, ulipiga ule mstari peke yake, kwahiyo wazazi wote wale walichangia bila kuona kilichoandikwa chini.

Sasa hili la haulizwi. Wewe umeshalipa jina, dada yako kaliita kulipiza. Huenda ni kweli, wapo walimu wa hivyo, sitaki kukudanganya. Ila nakuomba ulizungushe kidogo ulitazame kwa upande mwingine. Mtu aliandika mstari mmoja kwenye daftari, mstari ule ukaishia kwenye simu za wazazi wa darasa zima na vikatuni vya kucheka juu yake. Wewe ungekua ndo yeye, mstari wa pili ungeuandika? Mi nisingeuandika. Ningeweka tiki nikafunga daftari. Na ningeogopa kumuuliza yule mtoto swali, mana akikosea nikamsahihisha, jioni sijui nitasikia voisi gani. Kwahiyo ukimya ule ule unaweza ukawa hasira na unaweza ukawa woga, na kwa mtoto vyote viwili vinauma sawasawa, lakini njia ya kuvitibu si moja.

Halafu kuna swali jingine, hivi anaulizwa akiwa amenyoosha mkono? Muulize taratibu, sio kwa kumhoji. Mwambie tu, siku hizi ukijua jibu unanyoosha? Nina sababu ya kusema hivyo nakuja nayo.

Wala usidhani nadharau hofu yako. Mwaka 1968 wataalamu wawili Wamarekani, Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, walichapisha utafiti walioufanya kwenye shule moja ya msingi. Walimu waliambiwa kwamba watoto fulani mwaka huo watachanua kiakili, kumbe majina yale yalichaguliwa tu kama kura ya bahati. Mwisho wa mwaka watoto wale, hasa wa madarasa ya chini kabisa, wakaonekana kupanda kuliko wenzao. Watafiti wamebishana miaka na miaka kuhusu ukubwa wa jambo lile, lakini jicho la mwalimu juu ya mtoto si kitu kidogo, na wewe kuliona limegeuka si uzushi wa mama mwenye wasiwasi. Mtoto aliyezoea kukusanya madaftari akanyang'anywa, hiyo anaijua moyoni hata bila kuelezwa.

Nije kwenye cha pili ulichokipita mbio. "Nikamwambia akiulizwa aseme ameandika mwenyewe." Umekiweka katikati ya kicheko cha jikoni, sentensi moja, ukaendelea. Lakini hebu jiweke kwenye viatu vyake vidogo vile. Mwalimu anayempenda kamuuliza, yeye kajibu alivyoagizwa na mama anayempenda. Mwalimu kamuangalia akanyamaza. Jioni amekaa pembeni anamsikia mama akimshambulia mwalimu kwa kusema jambo ambalo yeye mtoto anajua ni kweli. Tangu siku hiyo ana siri ya mama, hawezi kumwambia baba, hawezi kumwambia mwalimu, na hata kwako hawezi kuileta mana wewe mwenyewe umekasirika. Mimi si daktari na tumbo la asubuhi likaangaliwe kwanza na daktari, watoto huwa wanaumwa kweli. Lakini kama daktari hataona kitu, ningejiuliza kama tumbo lile linaumia kwa mwalimu peke yake. Ndo mana nikauliza habari ya kunyoosha mkono. Mtoto mwenye siri anaweza asitake kabisa kuangaliwa.

Sikusemi, mwanangu. Hakuna mzazi ambaye hajawahi kushika penseli ya mtoto. Na jioni ile mlicheka, usiifute, usimfanye aamini kwamba ile furaha ilikua dhambi.

Tuongee kidogo kuhusu hilo neno fuatilia, kwa sababu naona ndo lilianzisha yote. Na hapa mwalimu nae simwachi. Unamwandikia mama "fuatilia" bila kumwambia afuatilie nini, kwa namna gani, kwa muda upi, yeye ajue mwenyewe? Labda alimaanisha angalia tu kama kazi imefanyika, weka sahihi, basi. Wewe ukasikia wewe ni mama wa ovyo. Yupo mtaalamu wa mambo haya, Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ameshughulika na uhusiano wa shule na familia kwa miaka mingi sana na aligawa ushiriki wa wazazi kwenye mafungu sita. Fungu la kujifunza nyumbani wengi tunalielewa vibaya, tunadhani ni mzazi kugeuka mwalimu wa pili. Yeye anazungumzia kutia moyo, kusikiliza, kusifia, kuelekeza, kuongea na mtoto kuhusu kazi yake. Kwa maana hiyo jioni ile kabla hujaanza kutaja sentensi ulikua tayari unafuatilia. Kukaa nae mezani ndo kwenyewe. Na ile mistari yake mitatu, mama alianua nguo, mi nimeipenda, mana ndani yake upo wewe na mvua yenyewe ipo.

Lakini wewe hukuona mistari mitatu, uliona mwalimu anakuja. Na hapo nafika kwenye lile la mwisho uliloandika ukasema hujui kwanini unaniandikia. Mimi nadhani unajua. Profesa mmoja wa Harvard, Sara Lawrence-Lightfoot, mwaka 2003 aliandika kuhusu mazungumzo ya wazazi na walimu, na hoja yake moja ni kwamba mnapokaa pale hamko wawili, kuna mizimu ya zamani imekaa na nyinyi, mzazi anakuja na shule yake ya utotoni, mwalimu nae na ya kwake. Sasa niambie, ile voisi ya dakika mbili na nusu alikua anaambiwa nani? Huyu mwalimu wa binti yako, au yule aliyekusimamisha darasa la sita? Mtoto aliyeambiwa amenakili wakati hakunakili, leo ni mama, anasoma "si ya mtoto" kwa wino mwekundu. Hata kama safari hii imeandikwa kweli, mwili haukungoja kujua. Sisemi hiyo inafuta ulichomfanyia yule mama. Ila inaweza kukusaidia ukienda kukaa nae ujue unakaa na nani.

Haya, njia ulizopewa.

Kuhamisha. Naelewa baba anatafuta amani, na kuna wakati kuhama ndo jibu hasa. Lakini kwa hili naona mtoto atahama na siri yake mkobani, atapoteza marafiki katikati ya mwaka, na atakua amejifunza kwamba likiharibika tunaondoka. Halafu mume wako anaamua bila kujua habari yote. Hilo peke yake lingenitosha kusema msiamue wiki hii.

Mwalimu mkuu. Dada yako hajakosea kwamba ipo haki hapo. Na nikwambie jambo moja ambalo sitaki ulisubirishe, kama mtoto anapigwa, anatukanwa, anadhihakiwa mbele ya wenzie, au ananyimwa kazi na mtihani, usinisubiri mimi wala kikao, nenda kesho. Ila kwa tiki zisizo na maneno, ukianzia juu yule mwalimu atakua amesikia kutoka kwako mara mbili, na mara zote mbili kupitia watu wengine. Bado hamjawahi kuongea nyinyi wawili, umeliona hilo? Toka mwaka uanze, maneno yenu ya kwanza ndo hayo. Kwenye barua nzima sijaona siku hata moja mliyosalimiana. Kwahiyo ugomvi wenu haujaharibu uhusiano, haukuwepo. Hii habari mbaya kwa upande mmoja na nzuri kwa mwingine.

Kunyamaza mpaka mwaka uishe, ndo ile ya kubadilisha zamu. Ni njia, watu wengi wanaipita, na wakati mwingine mambo hupoa yenyewe. Lakini utakua unahesabu miezi mtoto akiwa humo ndani na tumbo lake, wewe uko nje.

Msamaha sasa. Hapa ningetaka utenganishe vitu ambavyo umevifunga kwenye kitita kimoja. Kuna kuomba radhi kwa voisi, na kuna kusema ukweli wa insha. Unaweza kufanya la kwanza bila la pili. Hata kama insha ingekua ya mtoto neno kwa neno, kumwambia mtu akapumzike mbele ya wazazi wote ni jambo la kuombea radhi. Ukiishia hapo utapumua kidogo, mwalimu nae atapumua, ila ile "si ya mtoto" itabaki mezani mkiizunguka, na yeye anajua, na wewe unajua kwamba anajua. Ukienda mpaka la pili, hatari yake ipo, huenda asilainike, akasema sawa na uso umefungwa, huenda akalisema kwa walimu wenzake. Siwezi kukuahidi atakavyokua. Faida yake ni kwamba mzigo wa uongo unahama. Ukisema mimi ndo nilimwagiza ajibu vile, mtoto hawi tena muongo, anakua mtoto aliyemtii mama yake, na walimu wanaijua tofauti hiyo.

Lakini usiende nalo kabla hujaongea na binti yako. Uso utakaoangaliwa darasani ni wake. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unasema mtoto asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu, na miaka 10 inatosha kabisa kusema naogopa nini na nataka nini. Mwambie ulikosea kumpa maneno ya kusema. Halafu nyamaza umsikie. Anaweza akakushangaza, anaweza akasema mama mi nataka tu uniache nikamwambie mwenyewe. Anaweza kulia akuombe usiseme kamwe, na hapo itabidi mtafute njia pamoja, haraka haina maana.

Na grupu je? Ulimsema hadharani, kwahiyo kuna watakaokwambia umuombe radhi hadharani. Ina mantiki. Ila yeye hayumo tena humo, ukiomba radhi mahali asipokuwepo unawaomba wazazi, humuombi yeye, na inaweza kufungua upya yale ya huyu anapendelea wa fulani. Mi ningemuuliza yeye anataka ipi. Ndo aliyeumizwa, achague.

Kuhusu kikao, usije ukakitegemea kwa hili. Vikao vile foleni ni ndefu, nyuma yako kuna mzazi anapumua kisogoni, unapewa dakika chache na meza ina mafaili. Pengine ukaomba muda mwingine, mfupi, kabla ya siku hiyo. Na ombi lenyewe usimpe mtoto alipeleke, tafadhali, ameshabeba vya kutosha. Pitia ofisi ya shule, au ukitoka zamu ya usiku simama getini asubuhi umsalimie, umwambie nimekuja kuitikia wito wako, unaweza kunipa dakika kumi lini? Kama pale chini kweli ameandika tuonane, huhitaji hata sababu nyingine ya kwenda.

Mkifika mahali pa kuongea vizuri, mwambie habari ya zamu. Nadhani hajui. Anaona daftari lisilo na sahihi, haoni miguu iliyovimba. Na muulizane fuatilia maana yake nini kwa mama anayelala mchana. Kuna utafiti wa Matthew Kraft na Todd Rogers uliochapishwa 2015 huko Marekani, kwenye masomo ya kurudia kiangazi, mzazi alipelekewa sentensi moja kwa wiki kutoka kwa mwalimu. Moja tu. Waliofeli wakapungua kutoka karibu 16 kwa kila 100 hadi karibu 9, na zilizosaidia zaidi ni zile zilizosema mtoto arekebishe nini, kuliko za sifa tupu. Kwahiyo huhitaji kuwa mama wa kushinda shuleni. Sentensi moja ya kwake na moja ya kwako, mnaweza. Ila iwe sentensi ambayo yeye anajua haitapigwa picha.

Sijui utachagua ipi, na sitakuchagulia, wewe ndo unayemjua mtoto wako na wewe ndo utakayesimama pale. Usiku wa leo au kesho ukitoka kazini, lichukue lile daftari, ufungue ule ukurasa, usome mpaka chini. Halafu niandikie uniambie paliandikwa nini, mana na mimi nataka kujua.

Shangazi yako.